Ufundi wa Kujieleza Bila Kuwaanika Wengine

Mtu anayeomba kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya unasihi hudaiwa karatasi nyingi, na karibu zote zina ofisi inayozitoa. Vyeti vya sekondari hutoka Baraza la Mitihani. Matokeo ya shahada ya kwanza hutoka chuoni aliposoma. Cheti cha kuzaliwa hutoka RITA, wakala wa usajili, ruhusa ya masomo hutoka kwa mwajiri, na mhuri wa kuthibitisha nakala hugongwa na wakili. Karatasi moja tu haina ofisi: maelezo binafsi, ukurasa mmoja au miwili ambao mwombaji anaeleza kilichomfikisha hapo na kwa nini apewe nafasi. Huo lazima auandike mwenyewe. Nimesoma kurasa nyingi za aina hiyo, nikiombwa na waombaji niziangalie kabla hazijatumwa, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ukurasa ulioandikwa vizuri ni kazi ya fundi. Ufundi huo una jambo moja linalotangulia mengine yote: mwandishi amesema habari zake kwa ukweli bila kuwaanika watu waliomwamini.

Nitaueleza kwa kumfuata mwombaji mmoja wa Nyakatuntu, ambaye kazi yake niliiona tangu rasimu ya kwanza mpaka ya mwisho. Nyakatuntu ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kaskazini yake iko Uganda, magharibi iko Rwanda, na watu wake wanaishi kwa migomba, kahawa na maharage. Mwombaji huyu ni mwalimu wa sekondari. Sitataja shule yake wala somo lake, kwa sababu mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, shule na somo vinatosha kumtambulisha mtu.

Kazi ya unasihi haikumjia kwa kuichagua. Wizara ya Elimu ilitoa waraka mwaka 2002 ukizitaka shule ziwe na huduma za ushauri na unasihi, na tangu hapo wakuu wa shule wamekuwa wakimteua mwalimu mmoja, mara nyingi yule ambaye wanafunzi wamemzoea, aongeze kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Hana chumba maalumu. Wanafunzi humfuata wakati wa mapumziko, husimama hatua chache, husema, "Shikamoo, madam. Naomba kuongea na wewe," kisha hutazama chini. Wengine wamefiwa. Wengine wamelala njaa. Wengine wana hofu ya mtihani iliyowanyima usingizi. Tangu serikali iliporuhusu, Novemba 2021, wasichana waliojifungua warudi darasani, wapo pia wanaokuja kuuliza namna ya kukaa dawati moja na wenzao wanaonong'ona juu yao. Mwalimu huyu alisoma kozi chache za saikolojia ya elimu kwenye shahada yake ya ualimu, na anajua vema ujuzi wake unapoishia. Hapo ndipo hamu ya kusoma zaidi ilipoanzia.

Anatoka katika mkoa uliojifunza kazi hii kwa msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, mkoani Kagera. Kabla jina la kitaalamu halijafika vijijini, watu wa hapa waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Miaka ilivyosonga zikawapo nyumba nyingi zinazoongozwa na bibi, na nyingine zinazoongozwa na mtoto wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Nshamba wilayani Muleba, mradi wa Humuliza, ambao jina lake kwa Kihaya ni kufariji, ulianza kuwafundisha walimu wa shule namna ya kuwatambua na kuwasaidia yatima wenye majonzi. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walikuwa wamekwisha kuanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987, wakati hapakuwa na dawa za kurefusha maisha na sehemu kubwa ya msaada ulioweza kutolewa ilikuwa mtu wa kuzungumza naye. Dar es Salaam, Theresa Kaijage alianzisha WAMATA, shirika la aina hiyo hiyo, mwaka 1989. Halafu mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wakaingia Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu, na wenyeji wakajifunza tena kuishi jirani na watu waliobeba mambo yasiyosemeka.

Historia hii ni nzito, na mwombaji wa Kagera hushawishika kuanza nayo. Mwalimu wetu aliianza rasimu yake ya kwanza na mwaka 1983. Ilikuwa aya nzima, imejaa takwimu na uchungu. Aliifuta mwenyewe. "Hii kila mtu wa Kagera anaweza kuiandika," alisema. Hapo niliona kwamba nina fundi mbele yangu. Kamati ya udahili inachagua mtu, na historia ya mkoa, hata ikiwa ya kweli na ya kuumiza, haisemi lolote juu ya mtu aliyeshika kalamu.

Baada ya historia kuondoka, akamweka mwanafunzi mahali pake. Aya mpya ilisema kwamba alimsaidia msichana wa kidato cha pili ambaye baba yake alifariki, mama yake akaolewa ng'ambo ya mto, naye akabaki na bibi mgonjwa na wadogo watatu. Ni aya ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Kampala angeisoma kwa macho makavu mpaka mstari wa pili tu. Lakini mtu wa Nyakatuntu angeisoma na kusema jina la msichana huyo papo hapo. Mwalimu aliliona hilo kabla sijalisema. Akaanza kupunguza. Kwanza aliondoa mto. Kisha akaondoa idadi ya wadogo. Kisha akaondoa ugonjwa wa bibi, kisha kidato, kisha, baada ya kufikiri sana, akaondoa hata kwamba alikuwa msichana.

Kuna njia nyingine ambayo ingekuwa nyepesi: kubadilisha. Angeweza kumfanya mvulana wa kidato cha nne, mwana wa mvuvi. Hakufanya hivyo, na sababu aliyonipa ni ya kitaaluma kabisa. Akibadilisha, alisema, kamati itakuwa inamhukumu kwa hadithi aliyoitunga, na yeye mwenyewe atakuwa ameanza kazi ya ukweli kwa kusema uongo. Alitaka kuficha bila kudanganya. Kwa hiyo aliendelea kupunguza kama mtu anavyochambua kahawa kwenye ungo, mpaka zikabaki sentensi zifuatazo, ambazo amenipa ruhusa nizinukuu:

"Mwanafunzi mmoja alinieleza jambo ambalo sikuwa nimefundishwa kulisikiliza. Nilianza kumpa mawaidha, naye akanyamaza. Nilipotambua kwamba mawaidha yangu ndiyo yaliyomnyamazisha, niliacha kusema, nikakaa naye mpaka kengele ilipolia. Kesho yake alirudi."

Tuziangalie sentensi hizo moja moja, kwa sababu zinastahili. Ya kwanza inamtaja mwanafunzi na hapohapo inamwacha. Jambo lake limebaki lake. Maneno "sikuwa nimefundishwa" yanajibu, bila kelele, swali kubwa kuliko yote katika maombi yoyote ya masomo: kwa nini unataka kusoma? Ya pili ina kosa ndani yake, na kosa hilo ni la mwalimu, si la mwanafunzi. Linajulikana na kila mtu aliyewahi kulelewa na kuongozwa kwa Kiswahili: kijana akija na tatizo, mkubwa humpa mawaidha. Tumelelewa hivyo na tunawapenda waliotulea hivyo. Kuandika kwamba mawaidha yalimnyamazisha mtoto kunahitaji ujasiri, na ameuandika ujasiri huo kwa maneno machache sana.

Ya tatu inaonyesha badiliko likitokea. Hasemi kwamba yeye ni msikilizaji mzuri. Anaonyesha dakika ambayo aliacha kusema. Kengele imeachwa kwa makusudi. Ni kitu pekee katika aya nzima kinachoonekana na kusikika, na hakimtambulishi yeyote, maana kila shule ina kengele. Ya nne ina maneno matatu. Haidai kwamba mwanafunzi alipona, alifaulu, wala alishukuru. Alirudi. Mtu anayejua kazi ya unasihi anajua kwamba kurudi kwa mwenye shida ni ushahidi mkubwa, na asiyejua bado anaelewa kwamba kuna kitu kilifanyika sawasawa.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mawazo yake bado ni msingi wa mafunzo ya unasihi katika vyuo vya Afrika Mashariki, alichapisha mwaka 1942 kitabu kilichokuwa na mazungumzo yote ya mnasihi na mteja mmoja, neno kwa neno, kutoka kwenye rekodi za sauti. Mteja alipewa jina la kubuni. Rogers alitaka watu waone kazi yenyewe inavyofanyika, mahali ambapo mnasihi aliongea zaidi ya ilivyotakiwa na mahali aliponyamaza kwa manufaa. Mwaka 1957 aliandika kwamba badiliko la mteja linategemea mambo machache, yakiwamo mnasihi kuwa mkweli wa nafsi yake, kumpokea mwenzake bila masharti, na kuyaelewa ya mwenzake kama anavyoyaona yeye mwenyewe. Mwalimu wa Nyakatuntu hakumtaja Rogers popote katika maelezo yake. Lakini anayezisoma sentensi zile atayaona mambo hayo matatu yakifanya kazi, na ndiyo sababu hapakuwa na haja ya kulitaja jina.

Waombaji wengi hufanya kinyume. Huandika kwamba tangu utotoni wamependa kusaidia watu. Sina shaka kwamba wanasema kweli, ila sentensi hiyo haimpi msomaji kitu cha kupima. Mwaka 2006 Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha utafiti uliowauliza wenyeviti wa kamati za udahili wa saikolojia katika vyuo vya Marekani ni mambo gani huyaua maombi ya mtu mwenye sifa. Wenyeviti 88 walijibu. Waliyoyataja yaliangukia mafungu matano: maelezo binafsi yanayomwangusha mwandishi wake, barua mbaya za wadhamini, kutoijua programu inayoombwa, uandishi dhaifu, na kujaribu kumpendeza msomaji kwa njia isiyofaa. Katika fungu la kwanza kulikuwa na kule kueleza mno habari za afya ya akili ya mwombaji, na kule kujitangaza kuwa mkarimu.

Habari hizo za afya na majonzi ni sehemu ngumu, na kwa Kagera ni ngumu zaidi. Watu wengi wanaovutwa na kazi hii wana msiba wao. Mwalimu wetu alilelewa na shangazi yake baada ya kuwapoteza wazazi, na rasimu ya pili ilikuwa na ukurasa mzima juu ya miaka hiyo. Ulikuwa ukurasa mzuri. Niliusoma nikamwambia hivyo. Baadaye ulipungua ukawa aya, na mwishowe ukawa sentensi moja inayosema kwamba alikua katika nyumba ambamo msiba haukuzungumzwa, na kwamba sasa anataka kujua ni lini ukimya unamlinda mtoto na ni lini unamdhuru. Msiba umetajwa na haujafichwa, lakini umegeuka kuwa swali, na chuo kikuu ni mahali pa maswali. Ukurasa ule mrefu haukupotea bure. Bila kuuandika asingelipata swali.

Swali hilo ndilo lililozaa wazo lake la utafiti, maana vyuo vingi humtaka mwombaji wa uzamili aonyeshe anachokusudia kuchunguza. Hapa pia nilishuhudia ufundi wa kupunguza. Alianza na "Matatizo ya kisaikolojia ya vijana Tanzania", kichwa ambacho kingetosha wizara nzima kwa miaka kumi. Akashuka mpaka kwenye wanafunzi waliofiwa, kisha wanafunzi waliofiwa katika shule za wilaya moja, kisha akafika kwenye jambo linaloweza kuulizwa na kujibiwa na mtu mmoja kwa muda wa masomo: wanafunzi waliofiwa wanamwendea nani kwanza, na wanatumia maneno gani kueleza hali yao.

Mfano mzuri wa swali la namna hiyo uko jirani kabisa. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, Rakai ikiwa inapakana na Kagera, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walijaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30. Kabla ya hapo walikuwa wamewauliza wanavijiji wenyewe wanaitaje huzuni inayomlemea mtu, na wakapata majina mawili ya Kiganda yaliyofanana sana na kile ambacho hospitali huita sonona. Wakafuata majina hayo. Walioongoza vikundi walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili, na vikundi vilikutana kila wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni ni asilimia 6.5 tu ya washiriki waliobaki na dalili za kutosha kuitwa sonona kali, wakati katika vijiji ambavyo havikupata tiba ilikuwa asilimia 54.7. Tiba hiyo ilifanikiwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba ilianza kwa kusikiliza watu wanavyosema. Mwalimu aliyefikiria kuwauliza wanafunzi wa Kyerwa maneno yao yuko katika njia hiyo hiyo iliyokwisha kuzaa matunda ng'ambo ya mpaka.

Maneno yenyewe yalimpa kazi nyingine. Wanafunzi wake humweleza mambo yao kwa Kiswahili, na yakiwa mazito sana huhamia Kinyambo. Fomu za chuo zinajazwa kwa Kiingereza. Waombaji wengi hukimbilia Kiingereza moja kwa moja, na matokeo yake ni sentensi za kuazima ambazo mtu yeyote angeweza kuziandika. Yeye aliandika kwa Kiswahili kwanza, mpaka akaridhika kwamba kila sentensi inasema alichokusudia, ndipo akaihamisha. Kwa njia hiyo Kiingereza chake kilibaki chepesi na cha wazi, kwa sababu kilikuwa na kitu halisi cha kubeba.

Barua za wadhamini zina ufundi wake, na humo mwombaji anategemea mkono wa mtu mwingine. Katika vijiji vyetu mtu mwenye heshima ni paroko, mchungaji, diwani, mzee wa ukoo, na ni rahisi kudhani kwamba mhuri wa mmoja wao utaongeza uzito. Baadhi ya wenyeviti wale wa Marekani walisema kinyume: barua kutoka kwa ndugu, marafiki au viongozi wa dini wasiomjua mwombaji kitaaluma humdhuru. Mwalimu alimwomba mhadhiri aliyesimamia utafiti wake wa shahada ya kwanza, na mkuu wa shule anayeona kazi yake kila siku. Alimpelekea kila mmoja maelezo yake binafsi, nakala ya matokeo, jina la programu na tarehe ya mwisho, mapema, ili waandike wakiwa na kitu mkononi. Barua ya mkuu wa shule niliiona. Haikuwa na sifa za kupamba. Ilieleza kwamba baada ya mwalimu huyu kushika unasihi, wanafunzi walioitwa ofisini kwa utoro walianza kusindikizwa naye, na kwamba mara kadhaa yeye mkuu wa shule alibadilisha uamuzi baada ya kusikia alichoambiwa. Barua hiyo ina kitendo ndani yake, na kitendo humfanya msomaji aamini sifa ambazo hazijatajwa.

Kuhusu programu, alisoma kabla ya kuchagua. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inamtaka mwombaji wa uzamili awe na wastani usiopungua 2.7 katika shahada ya kwanza, na yeye alikuwa nao na zaidi. Lakini kuingia ni jambo moja, na kuingia mahali panapofaa ni jambo jingine. Muhimbili kuna uzamili wa saikolojia tiba, wenye mwelekeo wa hospitali. Jijini Nairobi, vyuo vya Daystar na USIU vina uzamili wa saikolojia ya unasihi, na Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Makerere, Kampala, iko karibu na Nyakatuntu kuliko Dar es Salaam ilivyo. Kila mahali aliuliza swali moja: mwanafunzi atakaa na wenye shida saa ngapi, na nani atamsimamia akikaa nao? Ni swali la mtu anayejua kwamba kazi hii hufundishwa kwa kutendwa. Programu za Marekani zilizo chini ya ithibati ya CACREP, kwa mfano, humtaka mwanafunzi atimize saa 100 za mazoezi ya awali na saa 600 za mafunzo kazini, na sehemu ya saa hizo lazima iwe ana kwa ana na wateja. Mwombaji anayeuliza juu ya usimamizi hata kabla ya kukubaliwa amekwisha kuonyesha kwamba hatawafanya wenye shida kuwa uwanja wa kujaribia peke yake.

Halafu kuna barua ambayo haisomwi na chuo chochote, nayo ni ya kuomba ruhusa. Mtumishi wa umma hawezi kuondoka tu. Barua yake ilielekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na katikati ya anwani zilikuwapo zile herufi ambazo kila mwalimu wa Tanzania anazijua, K.K., yaani kupitia kwa: K.K., Afisa Elimu Sekondari, na chini yake tena K.K., Mkuu wa Shule. Kila meza inasoma, inaandika maoni, inasukuma mbele au inaikalia. Wengi huijaza barua hiyo kwa maelezo ya haki zao. Yeye aliandika aya mbili fupi. Ya kwanza ilisema anaomba nini na kwa muda gani. Ya pili ilisema nani atachukua vipindi vyake na nani atashika unasihi wakati hayupo, na kwamba wote wawili wamekubali. Alifikiria shida ya msomaji wake kabla ya shida yake mwenyewe, na barua ikapita.

Pesa ya ada ya maombi ilitoka kwenye kahawa, kama pesa nyingi za masomo katika wilaya hizi, kwa kuwa dirisha la maombi humkuta mkulima katika mavuno. Nyaraka zilipigwa picha kwenye steshenari, zikaangaliwa moja baada ya moja kama kila mhuri unasomeka, zikapewa majina yanayoeleweka, zikatumwa kabla ya siku za mwisho ambazo mtandao huelemewa.

Usaili ulifuata, kwa njia ya video. Alinieleza sehemu moja yake, na ndiyo ninayoipenda. Mmoja wa wasaili alijifanya mwanafunzi mwenye hasira anayekataa kusema, akamwambia, "Endelea." Mwalimu alimsalimia, akamwambia kwamba anaona hayuko tayari kuongea na kwamba hilo si kosa, kisha akanyamaza. Kwenye video ukimya huonekana mrefu mara mbili, na mtu anayeogopa kushindwa hutaka kuujaza. Hakuujaza. Msaili ndiye aliyeanza kusema. Kile alichokuwa amekiandika katika sentensi nne, sasa alikifanya mbele ya watu waliokuwa wamezisoma, na wakaweza kupima kwamba karatasi na mtu ni kitu kimoja.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kazi hii yote ndefu. Mtu anaweza kudhani kwamba maombi ni mlango tu, na kwamba unasihi wenyewe utaanza darasani. Lakini mtu aliyekaa na aya moja akiondoa mto, wadogo, bibi na kidato ili kumlinda mwanafunzi ambaye hatajua kamwe kwamba amelindwa, amekwisha kuanza. Kutunza siri ni miongoni mwa kanuni kuu za maadili ya taaluma hii, na kanuni hiyo hujaribiwa zaidi pale ambapo kuivunja kungemletea mtu faida. Hadithi ya kusikitisha huvutia kamati. Kuikataa faida hiyo, na badala yake kutafuta kwa uvumilivu namna ya kusema kweli inayomhusu yeye mwenyewe, ni tabia ambayo chuo hakiwezi kuimimina ndani ya mtu kwa miaka miwili kama hakuja nayo.

Kwa hiyo ningependa wanaosoma maombi haya, vyuoni na hata sisi tunaoombwa tu kuyaangalia, tuache kuanza na sarufi. Lipo swali linalofaa kutangulia: mtu aliyetajwa katika ukurasa huu akiusoma, ataona ametendewa haki? Ikiwa jibu ni ndiyo, makosa ya tahajia yanaweza kurekebishwa kwa jioni moja, na mwandishi wake apewe nafasi ya kuonana na walimu wake. Kyerwa, Karagwe na wilaya nyingine nyingi zina walimu wanaokaa na wanafunzi nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko, bila chumba na bila malipo, wakisikiliza zaidi ya walivyofundishwa. Baadhi yao wanaandika usiku huu. Tunawadai usomaji wenye uangalifu unaolingana na ule waliouweka katika kuandika.